Nani Aliye Mwenzetu?

Jioni moja, katika darasa la watu wazima tunalofundisha mjini Arua, tulisoma habari fupi kutoka katika kitabu cha zamani. Habari yenyewe haikuwa na makuu. Wanawake wawili wa mwambao wanatoka alfajiri kwenda kisimani, wanazungumza njiani juu ya bei ya samaki, na mmoja anamwambia mwenziwe, "Shoga yangu, leo umechelewa." Sisi tulikuwa tumekusudia kufundisha vivumishi vya kumiliki. Hatukufika huko. Darasa zima liliangua kicheko. Dereva wa lori aendaye Ariwara alipiga meza kwa kiganja. Mama mmoja muuza vitenge aliuficha uso kwa daftari. Walikuwa wamelisikia neno lile redioni na mimbarani, nao walilijua kwa maana moja tu.

Tulijaribu kueleza. Tulisema kwamba shoga ni jina la mapenzi waitanalo wanawake walio marafiki. Kwamba huko pwani bibi mwenye heshima zake humwita jirani yake hivyo mbele ya mume na mbele ya wakwe, wala hapana anayeshtuka. Na kwamba maana ya pili, ya mwanamume apendaye wanaume, ipo nayo, na maana hizo mbili hukaa katika neno moja kama ndugu wakaao nyumba moja bila kusemezana. Wanafunzi walitikisa vichwa kwa adabu, kama watu wanaomvumilia mwalimu wao. Mmoja tu hakuwa amecheka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mfanyabiashara mdogo kutoka Koboko, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, kama lilikuwa neno la urafiki, ni nani aliyelichafua?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, ingawa twajua kwamba kwake yeye jibu limechelewa.

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukiingia katika jambo ambalo aghalabu halizungumzwi katika kurasa za walimu. Hatuandiki ili kumhukumu mtu katika dini yake, wala kumfundisha mtu namna ya kuishi chumbani mwake. Viongozi wa dini wana mimbari zao, wabunge wana bunge lao; mwalimu wa lugha ana maneno tu. Swali letu ni la zamani kuliko sheria yoyote: mtu humpata wapi mwenziwe? Na yule aliyemkosa mwenzi nyumbani, kanisani, msikitini na sokoni, kisha akampata mbali, miongoni mwa watu asiozaliwa nao, je, alichokipata ni jamii kweli, au ni kivuli cha jamii?

Tuanze na lugha, maana ndiko tuliko na nafuu. Kiswahili kina ukarimu mmoja ambao wageni huustaajabia. Hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Yeye ni yeye. Alikuja ni alikuja. Mpenzi, mwenzi, rafiki, mchumba, mgeni: maneno yote haya hayafichui jinsia ya mtu. Mtu aweza kukaa barazani tangu alasiri hadi magharibi akimsifu ampendaye, wala msikilizaji asijue kama ni wa kike au wa kiume. Wako watu wanaoishi ndani ya ukarimu huo kwa miaka mingi, kama mpangaji aishivyo katika nyumba ya mwingine, akijua ni chumba kipi aingie na kipi asiingie. Lakini siku jamaa wanapouliza, "Utaoa lini?" sarufi hubadilika. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja hutenda, mwingine hutendwa. Hapo lugha yetu haina tena pa kumficha mtu. Tumefundisha kauli ya kutendwa kwa miaka ishirini tukitumia mfano huo huo wa kuoa na kuolewa, kwa sababu ni mfano mwepesi na kila mwanafunzi huucheka. Haikupata kutupitikia kwamba katika kila darasa huenda yuko mtu ambaye mfano huo humfungia mlango.

Yule mwanafunzi wetu wa Koboko alikwenda Kampala baada ya muhula ule, kutafuta kazi. Aliporudi kwa Krismasi ya 2022 alikuja kutuamkia, akakaa mpaka wageni wengine walipoondoka, ndipo akasimulia. Tunakiandika kisa chake kwa ruhusa aliyotupa, tukiwa tumekiondolea kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha.

Alisema kwamba tangu alipofikia umri wa kuoa alikuwa akitembea na picha ya msichana ndani ya pochi. Msichana mwenyewe hakumjua. Alipewa picha hiyo na mpiga picha mmoja, kwa kuwa mwenyewe hakurudi kuilipia. Kila Krismasi aliwaonyesha shangazi zake: huyu ndiye mchumba, anasomea uuguzi, tutamleta atakapomaliza masomo. Shangazi waliipokezana picha, wakaisifu, wakaombea. Hakuna aliyejua, wala hakuwa na wa kumwambia.

Huko Kampala, mtu mmoja aliyefahamiana naye kazini alimpeleka kwenye karamu ndogo ya siku ya kuzaliwa, katika nyumba ya pembeni mwa mji. Walikuwamo Waganda, Waacholi, Wanyankole, na mwanamke mmoja wa kutoka Nebbi. Alikaa pembeni, karibu na mlango. Mazungumzo yakafika kwenye habari za sikukuu na maswali ya jamaa. Naye, bila kujua alipata wapi ujasiri, akaanza kusimulia habari ya picha. "Kabla sijafika mwisho," alituambia, "wakanimalizia. Mmoja akasema, 'Halafu shangazi akataka namba yake ya simu!' Mwingine akasema, 'Halafu ikakulazimu umwue!' Na ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu. Mwaka wa nne nilisema amefariki kwa homa, na mama yangu alimlilia. Nilicheka usiku ule mpaka machozi yakanitoka. Kisa nilichokibeba peke yangu miaka yote ile, wao walikuwa nacho tayari."

Tulikaa kimya naye muda mrefu. Kilichotushika hakikuwa ule uongo wa picha. Kilikuwa neno lake, "wakanimalizia". Maana sisi wenyewe tumelelewa miongoni mwa watu wanaomaliziana visa, na twajua walikojifunza.

Sisi tulizaliwa ukimbizini. Msomaji wa West Nile hahitaji kuelezwa, lakini wenzetu wa Mwanza na Mombasa huenda wamesahau. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, watu wa pembe hii ya Uganda waligeuka kuwa watuhumiwa kwa siku moja. Amin alikuwa Mkakwa, na Koboko ndiko kwao. Basi Mkakwa, Mlugbara, Mwaringa, Mmadi na Mnubi, aliyekuwa na bunduki na asiyekuwa na hata panga, wote waliitwa "watu wa Amin". Waliitwa pia "Anyanya", jina la waasi wa vita vya nchi jirani, kana kwamba hawakuwa raia. Baada ya mapigano ya Oktoba 1980 kisasi kilikuja kwa nguvu. Mnamo tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo walimokimbilia. Wengi sana walivuka mipaka kuingia Sudan na Zaire, na hawakuanza kurudi kwa wingi mpaka katikati ya miaka ya themanini.

Hata leo ukikaa na wazee wa Arua au Koboko, utasikia jambo la ajabu. Mmoja huanza: "Tulipofika mtoni usiku ule..." na mwingine, ambaye alivuka mto mwingine, mahali pengine, mwezi mwingine, humaliza: "...mtoto akaanza kulia, tukamziba mdomo." Hawakuwa pamoja. Hawakujuana. Lakini kila mmoja anao mwisho wa kisa cha mwenziwe. Katika makambi ya huko Yei, mtu asiye na ukoo wowote na wewe aliweza kukuita ndugu kwa sababu moja tu, kwamba mlikuwa mmeitwa jina moja baya na watu wale wale.

Kwa hiyo, mtu akituambia kwamba hakuna jamii inayoweza kuzaliwa kutokana na jina la kudhalilisha, twamwomba aje atutembelee. Sisi tulizaliwa ndani ya jamii ya namna hiyo.

Walakini, hatupendi kulinganisha vitu visivyolingana. Kuna tofauti moja kubwa, nayo ni chungu. Mkimbizi wa 1980 alikimbia pamoja na mamaye. Alipofika ng'ambo alikuwa na lugha yake, na nyimbo zake, na bibi wa kumsimulia ukoo wake hadi babu wa saba. Yule tunayemzungumzia huzaliwa katika nyumba ambamo hakuna mwingine wa hali yake anayemjua. Hufundishwa lugha ya mama na mama mwenyewe, kisha hugundua kwamba katika lugha hiyo jambo lake halisemeki, au lasemeka kwa tusi tu. Hukimbia akiwa mezani pa mamaye, mkono ukiwa bado katika sahani. Watoto wa makabila yaliyoonewa hujifunza maonevu yao magotini mwa wazazi. Huyu hana mzazi wa kumfundisha. Ndiyo maana yeye hana budi kuwatafuta wenziwe akiwa mtu mzima, tena kwa siri.

Turudi kwenye swali la nani aliyelichafua neno. Hapa majina ya Walugbara yanaweza kutusaidia. Mgeni akitafsiriwa majina yetu huona huruma. Candia na Candiru ni majina ya taabu. Mengine mengi yana ndani yake neno dra, yaani kifo. Mtoto alizaliwa wakati nyumba ina msiba, au ugomvi, au njaa, na jina lake likashika habari hiyo. Je, Candiru huona haya kuitwa Taabu? Hata kidogo. Huitwa hivyo na watu waliokuwapo taabu ilipotokea, watakaokuwapo itakapotokea nyingine. Jina lile ni zito, lakini limetoka mkononi mwa wenyewe. Kwa upande mwingine, tumesikia watu wakiitwa kwa maneno laini kabisa, kwa sauti ambayo ingemfanya mtu atamani kutoweka. Basi ubaya wa jina haumo katika herufi zake. Twauliza kwanza: anayeita atafanya nini utakapoanguka?

Kwa kipimo hiki neno shoga halikuchafuliwa na wale ambao sasa hubebeshwa. Wanawake wa mwambao wangali wanalitumia kwa heshima. Lilichafuka liliposafiri. Lilifika bara bila kisima, bila baraza, bila wale wanawake wawili na bei ya samaki, likaokotwa na watu waliotaka jiwe la kurusha. Sisi walimu wa Kiswahili tunayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana hata lugha tunayofundisha ilifika sehemu nyingi za Uganda kwa njia hiyo hiyo, pamoja na askari, na kwa miaka mingi mtu aliyesema Kiswahili mjini alitazamwa kama mnyang'anyi. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikuisaidia sana sifa yake! Ni Julai 2022 tu ndipo Baraza la Mawaziri lilipokubali kwamba ifundishwe kwa lazima shuleni. Twajua maana ya kupenda kitu ambacho jirani husikia ndani yake mlio wa risasi.

Wale wapendao watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa haiafikiani na nafsi zao, hawakungoja neno shoga lisafishwe. Katika Uganda walijipatia neno lao wenyewe, kuchu, nao huitana kwa neno hilo. Filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yao mwaka 2012 ililichukua neno hilo hadi ughaibuni. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hana jina ila tusi, siku moja husikia akiitwa kwa neno lisilo na jiwe ndani yake. Tunaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wetu kule karamuni.

Watu husema, na wengi wao ni marafiki zetu, kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Hatutaki kulijibu neno hilo kwa ukali, kwa kuwa wageni wametuletea mengi mabaya na hofu hiyo ina asili yake. Lakini lugha zetu zenyewe zinashuhudia kinyume. Waandishi wa habari za Walugbara wameyataja maneno okule na agule, yaani "kama mwanamke" na "kama mwanamume", kwa watu waliohusishwa na uaguzi na mambo ya pepo, ambao hawakukaa katika upande mmoja wa jinsia. Kwa ndugu zetu Walango, J. H. Driberg aliandika mwaka 1923 habari za mudoko dako, wanaume waliohesabiwa kama wanawake na kuishi hivyo. Hatudai kwamba watu hao wa kale walikuwa sawasawa na hawa wa leo, wala kwamba walikuwa na raha. Twasema tu kwamba walikuwa na jina na mahali pa kukaa. Kilicholetwa na wageni kwa tarehe iliyo wazi ni kifungu cha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950, kilichotoka katika sheria za Uingereza.

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu ndilo kiini. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii tumeifundisha mara nyingi, na hatujapata kuitilia shaka mpaka tulipozisoma habari za mazishi ya David Kato.

Kato alikuwa mwalimu kama sisi. Alifundisha shule kwa miaka kadhaa kabla ya kujitoa kabisa katika kazi ya kuwatetea wenziwe katika chama cha Sexual Minorities Uganda. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu, yeye akiwamo, likitaka wanyongwe. Yeye na wenziwe wawili walilishtaki, na tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000. Siku ishirini na tatu baadaye aliuawa nyumbani kwake Mukono.

Alizikwa tarehe 28 Januari katika kijiji cha Nakawala. Mchungaji aliyeongoza ibada aligeuza mahubiri kuwa shutuma dhidi ya marafiki waliokuja kuomboleza, akiwaambia watubu. Pakatokea vurugu, marafiki wakakinyang'anya kipaza sauti. Kisha wanakijiji wakakataa kumzika. Msomaji wa Afrika ajua uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu aweza kukosana na jirani miaka kumi, asimkopeshe chumvi wala kumwamkia, lakini msiba ukitokea hushika jembe. Kukataa kuzika ni kusema kwamba huyu hakuwa mtu. Basi jeneza lilibebwa na marafiki zake, wale wale waliokuwa wameshutumiwa, wakalifikisha kaburini wao wenyewe. Askofu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limekwisha kumwondolea huduma kwa sababu ya kuwatetea watu hawa, alisimama pamoja nao akawafariji.

Hatusemi kwamba jamaa wa damu walimtupa Kato. Hatuna haki ya kusema hivyo. Twasema kwamba kazi iliyo ya jirani na ndugu, kazi ya mwisho, ilifanywa na watu ambao methali inasema hawafi nawe. Walikula naye na wakafa naye. Kwa kadiri tuonavyo, swali la kama hii ni jamii kweli au ni kivuli lilijibiwa siku ile pale kaburini. Kivuli hakibebi jeneza.

Mtu mmoja katika chama chetu, ambaye tulimsomea sehemu ya makala haya, alituletea hoja iliyotusumbua. Alisema: "Mnasifu jamii iliyojengwa juu ya maumivu. Maumivu yakiisha, itabaki nini?" Hoja hii si nyepesi. Wazee wetu waliorudi kutoka Sudan hawakubaki wamoja. Walipofika Arua walianza kugombea mashamba na mipaka, na vyeo, na madhehebu. Yule aliyeitwa ndugu kambini akawa mshtakiwa katika kesi ya ardhi. Hatuna shaka kwamba hata miongoni mwa makuchu wako wenye fedha na wasio nazo, wasemao Kiingereza cha mikutano na wasiokijua, na kwamba mtoto wa Koboko anaweza kuwa mgeni mara ya pili katika kikao cha Kampala. Yeye mwenyewe alitudokeza hivyo, akicheka: walimwita "yule wa kwa Amin". Lakini wazee wetu, pamoja na kesi zao zote, wangali wakimaliziana visa jioni. Tena walipokusanyika hawakukusanyika ili kulia tu. Ndani ya makambi walifungua shule, wakaoza watoto, wakatunga nyimbo. Na makuchu, Agosti 2012, walikutana kando ya ziwa huko Entebbe kwa sherehe yao ya kwanza ya hadharani, wakacheza ngoma. Polisi waliwaingilia, lakini ngoma ilichezwa. Maumivu huwakutanisha watu mlangoni. Wakishaingia, wana mambo yao mengine.

Tulisema kwamba jibu letu limechelewa kwa mwanafunzi wetu. Mei 2023 Rais alitia sahihi sheria mpya, kali kuliko ile ya 2014 iliyofutwa na Mahakama ya Katiba: kifungo cha maisha, na kwa makosa mengine kifo, na hadi miaka 20 kwa kile kinachoitwa kuhamasisha. Kilichotugusa sisi moja kwa moja ni kifungu kilichomtaka kila ajuaye au ashukuye apeleke habari polisi. Kwa miezi kumi hivi, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokiondoa kifungu hicho tarehe 3 Aprili 2024 huku ikiiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, kisa cha picha ndani ya pochi kilikuwa deni letu kwa polisi. Hatukulilipa. Twalisema hapa kwa kuwa wako walimu wengine ambao wanafunzi huwaletea mambo yao jioni, baada ya wengine kuondoka, nao huenda walijiuliza kama tulivyojiuliza.

Alikuja kutuaga usiku, mwezi uliofuata kutiwa sahihi. Alisema anakwenda Kenya. Wenzao walikuwa wameanza kukimbilia huko tangu 2014, na wengine waliishia katika kambi ya Kakuma, ile iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan. Huko nako hapakuwa na amani. Juni 2018 walithubutu kuandamana na bendera zao ndani ya kambi, wakatishiwa maisha. Machi 2021 mahali walipolala palichomwa moto, na mmoja wao akafariki mwezi wa Aprili kwa majeraha yake. Tulimweleza haya. Alisema anayajua.

Siku zile zile, Koboko na Yumbe zilikuwa zikiwapokea wageni. Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti 2016, ilikuwa imewachukua Wasudani Kusini zaidi ya 200,000, na Lobule, wilayani Koboko, iliwachukua Wakongo. Wenyeji wametoa ardhi yao kwa hiari, wakisema, "Nasi tulikuwa wakimbizi." Hatujaona mahali pengine neno jema kama hilo likisemwa kwa urahisi hivyo, na kwa kweli tunajivunia kuwa wa huku. Kijana wa Koboko alipita katikati ya watu hao, wao wakiingia, yeye akitoka. Mama yake hajui kwa nini aliondoka. Anatuuliza tunapokutana sokoni, nasi humwambia kwamba alikuwa mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri.

Muhula huu tumeirudia ile habari ya kisima. Wenzetu walitushauri tuiondoe, au tuandike "rafiki" mahali pa "shoga", nasi hatukukubali. Darasa lilicheka kama tulivyotazamia. Tulingoja kicheko kiishe, kisha tukauliza: kila mmoja aandike sentensi tano juu ya mtu anayeweza kummalizia kisa chake. Yule dereva wa lori, ambaye bado yuko nasi, aliandika juu ya utingo wake, waliolala naye siku tatu kwenye daraja lililovunjika. Muuza vitenge aliandika juu ya mke mwenza wake wa zamani.

Ndipo tukafika kwenye vivumishi vya kumiliki. Tukaonyesha ubaoni kwamba mwalimu ni wangu na mgeni ni wangu, lakini mama ni yangu, ndugu ni yangu, rafiki ni yangu, jirani ni yangu, shoga ni yangu. Dereva akauliza, "Na adui je, Mwalimu?" Tukamwambia, adui yangu vilevile. Akaandika.